Michael Faraday na Dhahabu Nyekundu

Mjini London, katika jumba la Royal Institution, zimehifadhiwa mpaka leo chupa za kioo zenye maji yaliyotiwa dhahabu zaidi ya miaka 160 iliyopita. Mtu wa Ushirombo, Katoro au Geita akiambiwa kwamba mna dhahabu halisi ndani ya chupa hizo atadhani anataniwa, kwa maana maji yale si ya manjano, wala hayana chembe ing'aayo chini yake. Ni mekundu, kama maji ya rosela. Aliyeyatengeneza alikuwa mtoto wa mhunzi aliyeacha shule mapema na ambaye hesabu zake hazikuvuka zile za kawaida, naye ahesabiwa kuwa mmoja wa walimu bora wa sayansi ambao dunia imepata kuwa nao. Jina lake ni Michael Faraday.

Wanachuo wengi humfahamu Faraday kwa habari ya umeme tu. Katika makala haya nakusudia kueleza maisha yake kwa upande ambao vitabu vyetu huupita haraka, yaani ualimu wake na kazi yake juu ya dhahabu. Mambo hayo mawili yamhusu sana mwalimu wa shule ya msingi, na zaidi yule atakayepangiwa kazi katika nchi hii ya machimbo.

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 huko Newington, kusini mwa London. Baba yake, James, alikuwa mhunzi aliyehamia mjini kutoka kaskazini ya Uingereza kutafuta riziki. Kazi ya uhunzi si ngeni kwetu. Kabla ya kuja kwa wakoloni Warongo waliyeyusha na kufua chuma katika nchi hii iliyo kusini ya Ziwa Viktoria, na majembe yao yalisafiri mbali. Lakini mhunzi yule wa London alikuwa mgonjwa mara kwa mara, na mhunzi asiyeweza kuinua nyundo hana chakula. Mwaka 1801 nafaka ilipopanda bei, Michael, akiwa mtoto wa miaka tisa, alipewa mkate mmoja wa kumtosha juma zima. Shuleni alipata kusoma, kuandika na hesabu kidogo, kisha ikawa basi.

Mwaka 1804 alianza kutumwa na muuza vitabu mmoja aitwaye George Riebau, akipeleka magazeti nyumba kwa nyumba. Mwaka uliofuata Riebau akamwandikisha kuwa mwanagenzi wa kujalidi vitabu kwa miaka saba. Hapa yafaa tutue kidogo, kwa sababu maisha ya mwanasayansi huyu husimuliwa mara nyingi kana kwamba yalitokana na bidii yake peke yake. Bidii ilikuwapo, tena kubwa. Lakini tazameni ni watu wangapi waliomfungulia milango. Riebau hakumkataza mwanagenzi wake kusoma vitabu alivyoletewa avijalidi, na wengi wangemkataza, kwa kuwa mfanyakazi asomaye hapigi kazi upesi. Kwa ruhusa hiyo Faraday aliisoma makala juu ya umeme katika ensaiklopidia ya Britannica, na pia kitabu cha kemia kilichoandikwa na mwanamke, Jane Marcet, kwa njia ya mazungumzo kati ya mwalimu na wanafunzi wawili. Hakuridhika kusoma tu. Alinunua vitu vya senti chache na kuyarudia majaribio ya kitabu, ili aone kama kitabu kinasema kweli. Kaka yake Robert, ambaye naye alikuwa mhunzi, alimlipia shilingi moja moja ahudhurie mihadhara ya jioni ya John Tatum kuanzia mwaka 1810. Halafu mwaka 1812 mteja mmoja wa duka, William Dance, alimpa tiketi za kumsikiliza Humphry Davy, mwanakemia mashuhuri wa Royal Institution.

Faraday alihudhuria mihadhara minne ya Davy, akaandika kila alichosikia, akachora picha za vyombo, akavijalidi vyote kwa mikono yake vikawa kitabu cha kurasa zipatazo 300, na mwishoni mwa mwaka huo akampelekea Davy mwenyewe pamoja na ombi la kazi. Ufundi aliojifunza kwa sababu ya umaskini ndio uliombeba. Nafasi ilipopatikana, tarehe 1 Machi 1813, aliingia Royal Institution akiwa msaidizi wa maabara, kwa mshahara mdogo na vyumba viwili vya orofa ya juu kabisa. Miezi michache baadaye alifuatana na Davy katika safari ya Ulaya iliyochukua mwaka mmoja na nusu. Huko alikutana na Ampère na Volta, na huko huko mke wa Davy alimfanya mtumishi wa kubeba mizigo na kula pamoja na watumishi. Aliudhika, akavumilia, akarudi London mwaka 1815 akiwa amejifunza mengi kuliko kijana yeyote wa hali yake.

Riebau, Robert, Tatum, Dance. Majina ya watu hawa hayamo katika kanuni yoyote ya sayansi. Ondoa mmoja tu kati yao, na huenda Faraday angalifia katika kazi ya kujalidi vitabu, akiwa fundi hodari asiyejulikana. Mwalimu wa shule ya msingi aliye na kabati moja la vitabu yumo katika hesabu hii, apende asipende: ama ni mtu wa kufunga kabati hilo kwa kufuli ili vitabu visichakae, ama ni Riebau.

Mambo makubwa ya Faraday katika umeme nitayapitia kwa ufupi, kwa kuwa yameelezwa vizuri kwingineko. Mwaka 1821 alionyesha kwamba waya wenye mkondo wa umeme waweza kuzunguka sumaku; huo ndio mzizi wa mota zote. Tarehe 29 Agosti 1831 aligundua kwamba sumaku inayobadilika huzaa umeme katika waya, na kila jenereta inayonguruma nyuma ya duka la machimboni hufuata jambo hilo hilo. Miaka ya 1833 na 1834 alitoa kanuni za jinsi umeme unavyotenganisha kemikali. Kisha akakumbwa na shida ambayo walimu wa Kiswahili twaijua vizuri: alikuwa na vitu vipya visivyo na majina. Hakuyabuni ovyo. Alimwendea William Whewell, msomi aliyejua lugha za kale, na katika mashauriano yao yakapatikana majina ambayo nasi twayatumia kwa sauti yetu: elektrodi, anodi, kathodi, ioni. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limefanya kazi ya namna hiyo hiyo kwa ajili yetu. Mwalimu anayelalamika kwamba sayansi haisemeki kwa Kiswahili na akumbuke kwamba mwaka 1833 ilikuwa haisemeki kwa Kiingereza pia.

Sasa tuje kwenye ualimu wake. Mwaka 1813, akiwa na umri wa miaka 21 na akiwa bado hajasimama mbele ya hadhira yoyote kubwa, Faraday aliandika barua kadhaa kwa rafiki yake Benjamin Abbott akichambua jinsi ya kutoa mhadhara. Alikuwa amekaa nyuma ya wahadhiri wengi, akiwapangia vyombo, na kumbe wakati wote alikuwa akiwapima. Aliangalia kama ukumbi una hewa ya kutosha, kwa sababu mtu anayekosa hewa hasikii. Aliona kwamba saa moja yatosha, na kwamba kinachozidi hapo hupotea. Alitaka vyombo vya majaribio viwekwe pasipo kumziba msemaji, tena viwe vikubwa kiasi cha kuonekana na aliye nyuma kabisa. Alichukia mhadhiri anayewapa wasikilizaji mgongo, na yule anayesema mbio mbio kama anayekimbizwa. Wanachuo wanaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha wataona kwamba karatasi ya mkufunzi anayekuja kuwakagua ina mambo haya haya, isipokuwa haikuyaandika kwa uzuri ule.

Wala hakuishia kuwachambua wengine. Alikwenda kufundishwa namna ya kusema na mwalimu wa ufasaha aitwaye Benjamin Smart, akalipa fedha yake mwenyewe. Alipokuwa akisema mbele za watu aliwekewa kadi yenye neno la kumkumbusha aende polepole, kwa sababu alijijua kwamba akifurahia jambo hukimbia. Yeye ndiye aliyeanzisha mihadhara ya jioni ya Ijumaa pale Royal Institution, na mihadhara ya Krismasi kwa vijana ilianza mwaka 1825 chini ya uongozi wake. Kati ya mwaka 1827 na 1860 yeye mwenyewe alitoa mifululizo 19 ya mihadhara hiyo ya vijana. Alipofundisha juu ya sumakuumeme alikuwa akiirushia sumaku kubwa ndoo ya makaa pamoja na koleo na vyuma vingine, navyo vikanasa kwa kishindo na watoto wakapiga kelele za furaha. Husimuliwa pia kwamba alimshauri kijana mmoja asidhani hata mara moja kwamba wasikilizaji wanajua jambo: ukisema jiwe huanguka, basi lifumbue kiganja lianguke wakiona.

Mfululizo uliopata sifa kuliko yote ulihusu mshumaa. Aliutoa mwaka 1848, akaurudia katika Krismasi ya 1860, na mwaka 1861 ukachapishwa kuwa kitabu ambacho hakijaacha kusomwa. Katika mihadhara sita alitoka kwenye nta na utambi akafika kwenye maji, oksijeni, kaboni, na pumzi ya mwanadamu. Yaani alichukua kitu kilichomo katika kila nyumba na kukataa kukiacha mpaka kimesema yote. Mshumaa wa London ni koroboi ya Bukombe. Mtoto anayesoma kwa koroboi huamka na masizi puani, naye huyaona kuwa ni uchafu tu. Faraday aliwaonyesha watoto kwamba masizi yale yaliyomo ndani ya mwali ni vipande vidogo mno vya kaboni ngumu, na kwamba ndivyo viupavyo mwali nuru yake ya manjano kwa kuwaka moto mkali. Aliweka kitu baridi ndani ya mwali, kikatoka cheusi. Jaribio hilo halihitaji bajeti ya shule.

Haifai, hata hivyo, tumfanye Faraday kuwa malaika wa ualimu. Watoto wale walikaa na kutazama. Aliyeshika vyombo alikuwa yeye, pamoja na msaidizi wake Anderson, askari wa zamani wa mizinga. Aliwahimiza wayarudie nyumbani, ni kweli, lakini sisi wenye darasa la kudumu twaweza kufanya zaidi ya kuhimiza. Tena hakuacha nyuma yake wanafunzi aliowalea kwa mkono wake katika utafiti. Kwa miaka karibu hamsini alifanya kazi yake karibu peke yake, na alipokufa, maabara haikuwa na mrithi wa namna yake. Naona hilo ni pengo kubwa katika maisha ya mtu aliyejua kufundisha hivyo.

Mwaka 1856, akiwa na umri wa miaka 64, na baada ya miaka mingi ya kusumbuliwa na kumbukumbu iliyokuwa ikimpotea, aliigeukia dhahabu. Hakuitaka kwa thamani yake. Alitaka kujua nini huipata nuru inapokutana na kitu chembamba au kidogo kuliko wimbi la nuru lenyewe, na dhahabu ilimfaa kwa sababu hakuna metali ifuliwayo ikawa nyembamba kama hiyo. Mafundi walikuwa wakifua dhahabu ikawa utando ambao Faraday alikadiria unene wake kuwa sehemu moja ya 282,000 ya inchi. Kwa vipimo vyetu, ukipanga tando 11,000 za namna hiyo moja juu ya nyingine, rundo lote halifiki milimita moja. Ukiutazama utando huo kwa juu ni wa manjano. Ukiuinua mbele ya dirisha na kutazama kupitia kwake, nuru inayopenya ni ya kijani. Faraday aliupunguza unene zaidi kwa kuulaza juu ya mmumunyo wa sayanaidi, kemikali ile ile ambayo viwanda vya kuchenjua dhahabu hutumia leo katika mkoa wetu, na ambayo haina nafasi katika shule.

Kisha alitafuta tando nyembamba zaidi kwa njia ya kemia, akiitoa dhahabu kutoka katika chumvi yake kwa kutumia fosforasi. Alipokuwa akiziosha aliona maji ya kuoshea yamekuwa na wekundu hafifu. Mtu mwenye haraka angaliyamwaga. Yeye aliyaweka chupani, akaacha habari ya tando, na kuanza kuyatengeneza maji mekundu kwa makusudi. Alitaka kujua kama dhahabu ile imeyeyuka kama sukari iyeyukavyo katika chai, au kama ingali vipande vidogo vilivyotawanyika. Hadubini haikumwonyesha kitu. Basi aliikusanya nuru kwa lenzi na kuipitisha katika chupa. Katika maji yenye chumvi iliyoyeyuka njia ya nuru haikuonekana. Katika maji mekundu ilionekana wazi, kama mwanga wa jua uingiao kwa tundu la bati katika chumba chenye vumbi. Kitu kinachoirudisha nuru pembeni hakiwezi kuwa kimeyeyuka. Alitia chumvi ya kawaida katika maji yale, yakageuka kuwa ya bluu, na dhahabu ikaanza kutuama. Akahukumu kwamba chembe zilikuwa zimekusanyika. Alitia jelatini kwanza, na chumvi ikashindwa kuyageuza upesi. Kwa hoja hizi alikata shauri kwamba rangi ile nyekundu ni ya dhahabu yenyewe ikiwa katika vipande vidogo kupita upeo wa hadubini, na kwamba ukubwa wa chembe ndio ubadilishao rangi.

Aliisoma taarifa yake mbele ya Royal Society tarehe 5 Februari 1857. Wengi hawakuona imefika wapi, na yeye mwenyewe hakuridhika nayo, kwa kuwa alitazamia kujua zaidi juu ya nuru. Ilikuwa ni kazi isiyo ya idara moja: kemia kwa jinsi ilivyotengenezwa, fizikia kwa swali lake, na ufundi wa wafua dhahabu kwa malighafi yake.

Miaka ikapita. Mwaka 1861 Thomas Graham alivipa jina la koloidi vitu vya namna hii. Mwanzoni mwa karne ya 20 Richard Zsigmondy alishiriki kuvumbua hadubini maalumu iliyoonyesha mng'ao wa chembe zile moja moja, akapata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1925. Ilipopatikana hadubini ya elektroni katika miaka ya 1930, ndipo wataalamu wakaweza kuzipima chembe za dhahabu zilizotengenezwa kwa njia ya Faraday, wakakuta ni za nanomita chache hadi makumi machache ya nanomita. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa mtu una upana wa karibu nanomita 80,000. Neno lenyewe latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kibete. Mwaka 1974 Mjapani Norio Taniguchi aliutumia msemo wa nanoteknolojia, na leo elimu hiyo hufundishwa katika vyuo vikuu vingi.

Ugumu wa kuifundisha huko vyuoni ni jambo linalotuhusu. Darasa moja laweza kuwa na mwanafunzi wa kemia, wa fizikia, wa biolojia na wa uhandisi, na kila mmoja amekuja na lugha ya nyumba yake. Mmoja asema rangi, mwingine asema wimbi, mwingine asema protini. Wahadhiri wengi wameona kwamba njia njema ya kuwaunganisha ni kuwapa kitu kimoja cha kufanya pamoja, na kitu kinachopendwa ni maji yale yale ya Faraday, yanayotengenezwa siku hizi kwa njia salama zaidi iliyoelezwa na John Turkevich na wenzake mwaka 1951: chumvi ya dhahabu huchemshwa, hutiwa sitrati, na baada ya dakika chache maji hugeuka kuwa mekundu mbele ya macho yao. Wakitia chumvi ya kawaida yanakuwa ya bluu. Mwanakemia, mwanafizikia na mhandisi wamesimama mbele ya chupa moja, na sasa wana la kuzungumza. Hapa Tanzania, katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Arusha, mhadhiri Askwar Hilonga alitengeneza chujio la maji litumialo mchanga pamoja na vitu vya ukubwa wa nanomita, akapata mwaka 2015 tuzo ya uvumbuzi wa uhandisi barani Afrika itolewayo na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Hata zahanati ya kijiji imo. Kile kistari chekundu kinachojitokeza kwenye kipimo cha haraka cha malaria hupata wekundu wake, katika vipimo vingi, kutokana na chembe za dhahabu za ukubwa huo.

Mwalimu wa msingi hafundishi nanoteknolojia, wala hatakiwi kulitaja neno hilo katika andalio la somo. Lakini kuta zinazowasumbua wanachuo wa vyuo vikuu hujengwa baadaye. Katika darasa la tano hazijawa kuta bado, na mtoto huuliza swali bila kujua ni la somo gani. Chukua gilasi mbili za maji safi. Katika moja tia chumvi mpaka iyeyuke, katika ya pili tia matone mawili ya maziwa tu. Tia giza darasani kwa kanga madirishani, kisha pitisha mwanga wa tochi iliyozibwa kwa karatasi yenye tundu dogo. Wanafunzi wataona mstari wa nuru katika gilasi moja, na katika nyingine hawatauona. Usiwaambie sababu. Waache wabishane, na uwaandikie ubaoni kila wazo, hata lile la kuchekesha. Kwa somo la hesabu, finyanga mche wa udongo wenye sentimita moja kila upande. Eneo la nyuso zake ni sentimita 6 za mraba. Waulize eneo litakuwa kiasi gani mche huo ukikatwa kuwa michemraba ya milimita moja. Wapo watakaosema ni lile lile, lakini hesabu itawapa sentimita 60 za mraba. Ukiukata mpaka nanomita moja, eneo lafika mita 6,000 za mraba, ambalo si dogo sana kuliko uwanja wa mpira. Mvulana anayetoka mwaloni ataelewa upesi kwa nini wachimbaji hupeleka mawe kwenye karasha kabla ya kutafuta dhahabu.

Na huyo mvulana ndiye hasa ninayemfikiria. Katika vijiji vyetu wapo wanafunzi wanaoacha dawati kwa ajili ya mwalo, na wengine humwona mtu mzima akichanganya mchanga wa dhahabu na zebaki kwa mikono mitupu, kisha akiichoma mbele ya watoto. Mvuke wa zebaki hauonekani na huharibu ubongo na mishipa ya fahamu. Faraday mwenyewe alitumia zebaki kwa miaka mingi, hata katika jaribio lake la 1821, na wapo waliohisi kwamba iliichangia ile shida ya kumbukumbu, ingawa jambo hilo halijathibitishwa. Darasa ambalo limeona kwa macho kwamba kitu kisichoonekana kwa hadubini kingali kitu, lina sababu ya kumwamini mwalimu asemapo habari ya mvuke usioonekana. Darasa lililopewa katazo tu ubaoni halina sababu hiyo.

Mwanachuo anayeogopa sayansi kwa sababu ya hesabu na ajue pia kwamba Faraday hakuweza kuandika hata mlinganyo mmoja wa elimu aliyoianzisha. Aliona kwa akili mistari ya nguvu ikizunguka sumaku, akaichora kwa unga wa chuma juu ya karatasi. Alikuwa James Clerk Maxwell, kijana aliyebobea katika hesabu, aliyeitia mistari hiyo katika milinganyo kuanzia miaka ya 1850. Mwaka ule ule wa taarifa ya dhahabu, Faraday alimwandikia Maxwell barua ya unyenyekevu akimwomba kwamba wanahesabu, wakisha kufikia matokeo yao, wayaeleze pia kwa lugha ya kawaida ili watu kama yeye waweze kuyafanyia majaribio. Mzee wa miaka 66, mashuhuri Ulaya nzima, akimwomba kijana wa miaka 26 amfafanulie.

Mwaka 1862 aliitwa mbele ya tume ya serikali iliyokuwa ikichunguza shule kubwa za Uingereza, shule za watoto wa matajiri zilizofundisha Kilatini na Kigiriki na kuiacha sayansi. Aliwaeleza kwamba kuwalea vijana hodari bila kuwafundisha maumbile ni upungufu mkubwa, na kwamba ameona watoto wakielewa mambo hayo pale wanapofundishwa vizuri. Wajumbe walisikiliza kwa adabu. Mabadiliko yalichukua miaka mingi.

Alikwisha kukataa cheo cha kuitwa Sir, na mara mbili alikataa urais wa Royal Society. Tangu mwaka 1858 aliishi pamoja na mkewe Sarah, waliyeoana mwaka 1821 bila kupata watoto, katika nyumba aliyopewa na Malkia Victoria huko Hampton Court. Kumbukumbu iliendelea kumtoka mpaka ikambidi aache kazi moja baada ya nyingine: mihadhara ya vijana kwanza, kisha maabara, kisha ushauri wa minara ya taa za baharini alioutoa kwa miaka karibu thelathini. Alikufa kwenye kiti chake tarehe 25 Agosti 1867. Hakutaka kuzikwa pamoja na wakubwa wa nchi katika kanisa la Westminster, basi akazikwa katika makaburi ya Highgate, na juu ya jiwe lake likaandikwa jina, siku ya kuzaliwa na siku ya kufa.